Anakumbuka bei ya kahawa ya 1977 ila amesahau umefika jana: kumbukumbu za wazee zinavyofanya kazi

Disemba ikikaribia watu wanaanza kupanda mlimani Kilimanjaro, Marangu, Kibosho, Machame, Rombo, wengine wanaishia Meru kwa wakwe, na karibu kila boma utamkuta mzee kwenye kiti chake na wajukuu wamemzunguka na simu wanamrekodi. Klipu za wazee wakisimulia maisha zinazunguka sana WhatsApp siku hizi, na kila zikizunguka mabishano ni yaleyale. Mmoja anasema babu anadanganya, mwaka huo hakukuwa na kitu kama hicho. Mwingine anasema nyamazeni, mzee alikuwepo, nyie mlikuwa hamjazaliwa. Wa tatu anauliza hivi inakuwaje mtu akumbuke kahawa ilikuwa inalipa vipi miaka ya sabini halafu hajui kama amekunywa dawa ya presha asubuhi hii, si anajifanya huyu? Na wa nne anaongea pembeni kwa sauti ya chini, ati bibi kuna mtu amemchezea, yaani karogwa.

Mimi naona wote wanne wanakosea sehemu, na wanakosea kwa sababu wanadhani kumbukumbu ni kitu kimoja, ukiwa nayo unayo, ukipoteza umepoteza. Si hivyo.

Ipo kumbukumbu ya hapa hapa, ile ya kushika namba ya mtu mpaka umalize kuiandika, inakaa sekunde chache inaondoka. Ipo ya matukio, mambo uliyopitia mwenyewe, siku ya kipaimara, siku mlipohamia Ngarenaro, siku uliyofukuzwa ada. Ipo ya maarifa, unajua Mto Pangani unaishia baharini ila huwezi kusema ulijifunza lini wala nani alikuambia. Na ipo ya mikono na mwili: kuendesha baiskeli, kusuka, kukamua ng'ombe. Hizi zinategemea sehemu tofauti za ubongo na haziharibiki kwa pamoja, ndio maana mzee anaweza kuwa ameishiwa kabisa na moja huku nyingine iko palepale.

Kuna bibi mmoja Kibosho nilimwona anamuuliza mjukuu wake, "Umekuja na nani?" Akajibiwa, "Nimekuja na mama, bibi." Baada ya muda kidogo akauliza tena, tena akauliza. Wakamletea beseni la ndizi mshale za mtori. Alipaka mafuta kwanza viganjani ili utomvu usimgande, akakata ncha zote mbili, akapitisha kisu mgongoni mwa ndizi mara moja tu, ganda likafunguka likaanguka chini na ndizi ikaingia kwenye maji kabla haijaanza kuwa nyeusi. Macho yake wala hayakuwa kwenye ndizi, alikuwa anafukuza kuku. Wale wasichana waliokaa kumsaidia walikuwa bado wanahangaika na ndizi ya pili. Halafu akageuka, "Eti umekuja na nani?" Ukimwambia mtu bibi huyu anajifanya, au ukimwambia kichwa chake kimekwisha, yote mawili utakuwa umemkosea.

Ili tuelewane vizuri fikiria ile mifereji ya asili ya mlimani, ile Wachaga wanaita mfongo. Mfereji uliopitisha maji miaka hamsini umejichimba wenyewe, una kingo, maji yakifunguliwa yanajua pa kwenda. Mfereji uliochorwa jana kwa jembe ni mstari tu juu ya udongo, mvua moja umekwenda. Kumbukumbu ya kale ya mzee ni ule wa kwanza, kaisimulia na kuiwaza mara nyingi mno. Umefika jana saa kumi, hilo ni ule mstari wa jembe. Sasa ndani ya ubongo kuna kisehemu kidogo kinaitwa hipokampasi, kazi yake kubwa ni kama ya yule mchimbaji wa mfereji mpya, na kwa bahati mbaya ndicho kinachochoka mapema, na kwenye ugonjwa wa Alzheimer kinashambuliwa miongoni mwa vya kwanza kabisa. Mchimbaji akiugua, mifereji mipya haichimbwi, lakini ile ya zamani bado inapitisha maji.

Madaktari walilielewa hili kwa njia ya kusikitisha. Mwaka 1953 huko Marekani kijana mmoja, Henry Molaison, alifanyiwa upasuaji wa kutibu kifafa na akatolewa sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili. Kifafa kikapungua, ila toka siku ile mpaka anafariki 2008 hakuweza tena kuhifadhi tukio jipya. Mtafiti aliyemfuatilia miaka na miaka alikuwa mgeni kwake kila akiingia mlangoni. Lakini utoto wake alikuwa anausimulia, na walipomfundisha kazi ya mikono, kuchora huku anaangalia kwenye kioo, mkono wake uliendelea kuwa hodari siku hadi siku wakati yeye mwenyewe anasema hajawahi kufanya kitu hicho. Na Mfaransa mmoja, Ribot, alishaandika tangu 1881 kwamba kumbukumbu zikiharibika zinaanza kuondoka za karibuni, za zamani zinabaki mpaka mwisho. Kwa hiyo yule wa tatu anayesema mzee anajifanya, jibu lake ni hilo, mzee hachagui.

Kuna jambo lingine, na hili nalipenda kwa sababu linaeleza kwanini wazee wetu wanasimulia mambo yaleyale. Ukiwaomba watu wenye umri mkubwa wakueleze matukio ya maisha yao, mengi yanatoka kati ya miaka kumi hivi na thelathini ya umri wao. Watafiti wamelikuta hilo nchi nyingi. Ni umri wa mambo ya mara ya kwanza: kazi ya kwanza, mji mgeni, mchumba, mtoto, msiba wa kwanza uliokuuma kweli. Kitu cha mara ya kwanza kinachimba sana, kitu cha mara ya mia kinapita juu juu.

Sasa chukua mtu wa huku kwetu aliyezaliwa 1955. Umri wake wa kumi mpaka thelathini ni 1965 hadi 1985. Humo ndani kuna Azimio la Arusha, Februari 1967. Kuna operesheni vijiji, watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa. Kuna mpaka na Kenya kufungwa 1977, vita ya Kagera na Idi Amini wa Uganda 1978 mpaka 1979, foleni za RTC, yale maduka ya serikali ya mkoa, unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, kipande cha sabuni kinagawanywa kwa uzi, msako wa wahujumu uchumi 1983, halafu Waziri Mkuu Sokoine anafariki Aprili 1984. Ujana wake wote umo humo. Ndio maana ukimpa maikrofoni anaanza na foleni ya sukari, na wewe unadhani anakusimanga kwa sababu umeacha wali kwenye sahani. Hakusimangi (sawa, wengine wanasimanga), ndipo kumbukumbu zake zilipojaa.

Tuje kwenye ule ubishi wa mwaka na ukweli, maana hapa ndio watu wanagombana kabisa mpaka wanatoana kwenye grupu la ukoo.

Hamna tukio linalokaa kichwani zima zima. Ubongo unahifadhi vipande, sura, harufu, maneno mawili matatu, hisia, halafu kila ukisimulia unaviunganisha upya na mapengo unayaziba kwa kitu kinachoelekea kuwa kweli. Mwingereza Bartlett alionyesha hili Cambridge mwaka 1932: aliwapa watu hadithi ngeni wairudie baada ya muda, na kila walivyorudia hadithi ilizidi kufanana na mambo waliyoyazoea kwao. Hawakuwa waongo. Mimi na wewe tunafanya hivyohivyo, tofauti ni kwamba mzee ana hadithi za miaka sitini na sisi tuna za juzi, na za juzi zina picha kwenye simu za kutusuta.

Mfano wa hukuhuku. Wazee wengi wa Kilimanjaro wanakumbuka kwamba mwaka 1977 kahawa ilipanda bei sana. Ni kweli kabisa, Julai 1975 baridi kali ilipiga mashamba ya Brazil, kahawa ikaadimika duniani na bei ikapaa, kilele kikawa 1977. Ila mzee anaweza kukuambia "KNCU walitulipa vizuri mwaka ule", yaani kile chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro. Hapo kuna kasoro, kwa sababu vyama vikuu vya ushirika vilifutwa 1976 na havikurudi mpaka miaka ya themanini, kwa hiyo 1977 KNCU kama chama haikuwepo. Sasa utasema amedanganya? KNCU ilianzishwa 1933, kalikuta hilo jina, kakua nalo, baba yake kauza huko, yeye mwenyewe kauza huko kabla na baada, kichwa kimeziba pengo kwa jina linaloeleweka. Pesa ilikuwa kweli, bati alilonunua ni kweli, jina la aliyelipa ndilo limeteleza.

Au hili la mpaka. Utasikia sana "vita ya Amini ilipoanza mpaka ukafungwa, ndio magendo yakaanza Tarakea na Holili". Mpaka ulifungwa Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, vita imekuja mwaka mmoja na miezi mbele, na mpaka umekuja kufunguliwa Novemba 1983 baada ya makubaliano yaliyofanyika hapahapa Arusha. Lakini kwa mtu aliyekuwa anapita usiku na gunia kichwani kwenda kutafuta sabuni na mafuta ya kupikia, dhiki ile ilikuwa moja, na akili inapenda shida moja iwe na chanzo kimoja.

Kwa hiyo usimpime mzee kwa mwaka. Mwaka na mpangilio, kipi kilitangulia kipi, ndivyo vinavyoteleza kwanza kwa kila binadamu. Vinavyoshika ni vya mwilini na vya moyoni: alivaa nini, nani alilia, njia ilikuwa na matope kiasi gani, walikula nini jioni. Na wazee wenyewe wanalijua hili, ndio maana hawahesabu kwa namba, wanahesabu kwa matukio. "Nilioa wakati wa Amini." "Huyu kazaliwa mwaka aliokufa Sokoine." Kwa Waarusha na Wamaasai ndio utaratibu wenyewe, muulize mzee ni rika gani, akisema Seuri au Makaa ushajua alikuwa kijana wakati gani na nani alimtangulia. Wewe kazi yako ni kupeleka tukio kwenye kalenda ukiwa nyumbani kwako, sio kumkatiza katikati na "babu hiyo ilikuwa 78 sio 76". Ukimkatiza mara mbili ananyamaza, na hiyo hadithi hutaipata tena.

Kidogo kuhusu kuona na kusikia. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Disemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alipandisha mwenge wa Uhuru na bendera kileleni Kibo, Mlima Kilimanjaro. Picha yake tumeikuta vitabuni wote, redioni imesimuliwa kila mwaka, shuleni tumeimba. Mtu aliyekuwa na miaka sita akiwa Moshi usiku ule anaweza kuapa kabisa alikuwa macho na aliona. Huenda alikuwa macho kweli, huenda picha za baadaye zimeingia zikakaa kwenye usiku wake, na yeye mwenyewe hana njia ya kuzitenganisha kwa sababu zote zinakuja na uhakika uleule. Uhakika wa msimuliaji sio kipimo. Hapo ndipo na yule wa pili anakosea, anayesema alikuwepo basi imekwisha.

Na mafunzo je? Maana mzee hasimulii bure, mwishoni anakupa funzo. Hapa mimi nasikiliza kwa adabu zote ila nachuja. Mfano lile la "sisi tulikwenda shule bila viatu, tulikula mizizi, hatukujua hospitali na tuko hapa". Ndiyo, wewe uko hapa shikamoo. Wale ambao hawakuvuka hawapo kwenye kiti wakusimulie. Wakati wa Uhuru umri wa kuishi Tanzania kwa wastani ulikuwa chini ya miaka 50, na sababu kubwa ni watoto waliokuwa wanakufa wadogo. Muulize taratibu bibi huyohuyo, "Mama yako alizaa wangapi?" Atakuambia tisa. "Mkakua wangapi?" Utaona anahesabu kwenye vidole kimyakimya halafu anasema sita. Funzo limebadilika hapohapo na hajakuambia uongo hata kidogo.

Pia watu wakizeeka wengi wanaelekeza macho kwenye mazuri zaidi kuliko machungu, hilo limefanyiwa utafiti sana, na mtu akikumbuka ujana anakumbuka na magoti yasiyouma. Zamani kulikuwa kuzuri, ndiyo, yeye alikuwa na miaka ishirini.

Halafu kurudiarudia hadithi. Watu wanaona ni dalili ya kichwa kuchoka na mara nyingine ni kweli, lakini daktari wa akili Mmarekani Robert Butler aliandika mwaka 1963 kwamba kupitia upya maisha yako ukiwa unaelekea mwisho ni kazi ya kawaida ya uzee, sio kuwehuka wala kuishi zamani. Mzee anaporudia kila mara ile ya kugombana na kaka yake kuhusu shamba, sikiliza kama kuna kipande kinabadilika. Mwaka huu kaka alikuwa mkorofi, mwaka kesho "na mimi nilimjibu vibaya". Hajasahau kwamba alishakuambia. Bado hajamaliza nayo.

Sasa, la ugonjwa, na hapa naomba tusitaniane. Kuna kusahau kwa uzee na kuna kupungukiwa akili kunakotokana na ugonjwa wa ubongo, na hivi ni vitu viwili. Kusahau alikoweka miwani, jina la mkwe linakuja baada ya muda, kuingia jikoni ukasahau ulifuata nini, hiyo ni kawaida. Kupotea njia ya kutoka kanisani uliyopita miaka arobaini, kushindwa kujua noti ya elfu kumi na ya elfu mbili, kuanza kuwashuku watoto kwamba wanamwibia, kushindwa kupika chakula alichokipika maisha yake yote, hiyo sio kawaida, mpelekeni. Utafiti uliofanyika wilaya ya Hai, hapo hapo chini ya mlima, kwa watu wa miaka 70 na kuendelea uliwakuta kama 6 katika kila 100 wana ugonjwa huo. Maana yake zaidi ya 90 hawana. Kwa hiyo "ndio uzee huo" ni uongo pande zote mbili: wazee wengi hawana ugonjwa, na wachache walionao wananyimwa msaada kwa sababu ya sentensi hiyo.

Halafu kuna vinavyofanana na ugonjwa huo na vinatibika. Tezi ya shingoni (thairoidi) ikilegea kazi yake, upungufu wa vitamini B12, huzuni nzito baada ya kufiwa na mwenzi, dawa zinazogongana, pombe. Na masikio! Mzee hakusikia ulichosema, anakaa kimya, mnasema amesahau. Na akichanganyikiwa ghafla, yaani juzi alikuwa mzima leo hajui yuko wapi, anaongea na watu wasiokuwepo, hiyo ni dharura ya hospitali siku hiyohiyo, mara nyingi ni maambukizi ya mkojo au nimonia au sukari imeshuka au hajanywa maji. Yule wa nne anayesema amechezewa akipewa nafasi ya kuamua, bibi anapelekwa kwa mganga wakati alihitaji maji na dawa ya nimonia. Watu wamepoteza wazazi hivyo.

Kwa wenye ugonjwa wenyewe, tiba ya kuuondoa kabisa haipo mpaka sasa, ila kukaa nao na kuwachangamsha kunasaidia. Hapo Hai walijaribu vikundi vya wazee wenye tatizo hilo, wanakutana, wanaongea, wanafanya shughuli wanazozijua, na walionyesha nafuu. Kwa hiyo ukimpa bibi ndizi amenye usione unamtumikisha.

Na kwa unayetaka kurekodi Disemba hii, kwanza muombe ruhusa, na mwambie unakwenda kuirusha wapi maana kuna mengine anakuambia wewe kama mjukuu, sio ukoo mzima wa Houston na Dar. Usianze na "unakumbuka...?", hilo ni swali la mtihani, linamtisha. Anza na kitu cha kushika: jembe la zamani, picha, kibuyu cha mbege, ile pombe ya ndizi. Uliza mlikula nini, mlilala wapi, nani alikuwa anawachekesha. Akisema "hilo silijui" acha hivyohivyo kwenye rekodi, usilikate, linaonyesha mahali anapoishia.

Kama mnachotafuta ni mipaka ya kihamba, lile shamba la ukoo, hapo ongezeni umakini, kwa sababu kesi nyingi za familia zinasimama kwenye mdomo wa mzee mmoja, "sale ile kaipanda babu yenu", sale ukiwa ule mmea unaopandwa kuonyesha mpaka. Msiwakalishe wazee wawili pamoja mkawauliza, wa pili atakumbuka alichosema wa kwanza na ataamini ni chake. Tembeeni na mmoja mpaka kwenye masale aonyeshe kwa mkono, mpige picha, halafu mrudi na mwingine peke yake bila kumwambia mwenzake alisemaje. Wanapokubaliana mwandike, wote wasaini na mwenyekiti wa kitongoji awepo. Wanapotofautiana nako mwandike. Na mfanye asubuhi, saa ambayo kichwa cha mtu mzima kinakuwa kimetulia na mbege bado haijaletwa.